Zabibu za Bi Mstari

Kwanza tuelewane: huyu mama hakuwa mlevi. Nalisema mapema kwa sababu nawajua watu. Ukiwatajia pombe na mwanamke kwa pumzi moja, tayari wameshamwona akiyumba barabarani na kiatu kimoja mkononi. Hapana. Bi Mstari alikuwa mpambaji wa keki, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha na kicheko cha kutikisa vikombe, na pombe aliichukia tangu utotoni. Jina la Bi Mstari alipewa na wateja wake. Mistari ya krimu aliyoichora juu ya keki ilinyooka kiasi kwamba mume wake, mwalimu wa udereva aliyestaafu, alikuwa akisema laiti angepata barabara za namna ile, angewapasisha wanafunzi wake wote kwa siku moja.

Alifanyia kazi katika chumba cha ubavuni mwa nyumba, chenye madirisha mawili na meza ndefu ya chuma iliyong'aa. Pembeni kulikuwa na oveni kubwa iliyonguruma, na ukutani rafu yenye mitungi ya vioo, ndani yake ncha za bati za kuchomeka kwenye mfuko wa krimu, za kila umbo, za nyota, za jani, za mstari mwembamba. Feni ilikuwepo lakini haikuruhusiwa kuwashwa wakati wa kupamba, maana upepo hukausha krimu, na aliyegusa swichi yake alisikia maneno ya kumtosha wiki nzima. Oveni, oda na simu vilikuwa mikononi mwa binti yake, msichana mwenye akili za haraka na ulimi wa haraka zaidi. Mfuko wa krimu haukuguswa na mtu mwingine. Huo ulikuwa wa Bi Mstari peke yake, na alijivunia. Kwa nini asijivunie?

Basi mkono ukaanza kutetemeka.

Haukuanza kwa kishindo. Mwisho wa mstari ulipinda kidogo, herufi ya mwisho ya "Hongera" ikajikunja kana kwamba imesikia baridi. Akalaumu krimu, eti ni laini mno. Akalaumu mfuko. Akamlaumu binti kwa kufungua mlango ghafla, na binti wa watu alikuwa amekaa kimya kwenye kiti akikunja maboksi. Alipoishiwa watu wa kuwalaumu, akalaumu umri. Lakini jambo lililomshangaza ni kwamba mkono ukiwa umelala mapajani ulitulia kabisa. Ukiinuliwa ushike kitu, hasa kitu kinachotaka uangalifu, ndipo ulipoanza vituko vyake.

Siku moja alikwenda kumpongeza jirani aliyejifungua, akajitolea kuwamiminia wageni chai. Kikombe cha kwanza kilipona. Cha pili, nusu ya chai ikaenda kwenye kisahani na nyingine kwenye zulia. Wanawake wakavuta miguu. Mmoja akamtazama mkono, kisha macho, kisha akamwambia kwa upole uliopitiliza, "Weka tu, dada, pumzika." Bi Mstari aliujua upole ule. Ndio huo huo aliokuwa akipewa mama yake zamani kila alipopita sokoni, kwa sababu ya mume aliyekuwa naye.

Maana marehemu baba yake Bi Mstari, fundi saa, alikuwa mlevi wa kujulikana. Mikono ilimtetemeka asubuhi, akanywa, ikatulia, jioni akarudi hajiwezi. Bi Mstari akiwa msichana alikula kiapo kwamba tone la pombe halitapita kooni mwake, na alikishika kiapo hicho hadi akawa kero: hata dawa ya kikohozi aliisoma karatasi yake yote kabla ya kuionja. Sasa ule mkono wa baba ulikuwa umehamia kwake. Aliogopa, tena sana. Aliogopa kazi yake isije ikamponyoka, na zaidi ya hilo aliogopa watu wasije wakamtazama yeye wakamwona baba yake.

Hapo ndipo zabibu zikaingia.

Hoteli moja ya karibu na stesheni ilikuwa imempa oda ya keki za matunda kila wiki. Keki ya matunda ya kweli inataka zabibu kavu zilowekwe kwenye ramu muda mrefu, hadi zivimbe zing'ae. Bi Mstari alikuwa na ndoo nyeupe ya plastiki chini ya meza, imefunikwa vizuri, zabibu zimejaa humo zikinywa ramu taratibu. Usimwulize kuhusu kiapo. Kwake ramu ya keki haikuwa pombe, ilikuwa kiungo kama vanila na mdalasini. Pombe ni kitu cha kwenye glasi. Mtu anakaa, anakunywa, anatukana watu. Zabibu ni zabibu. Isitoshe, wapishi wenzake wote walisema oveni inachoma ulevi wote. Kwamba yeye alizionja kabla hazijaiona oveni, hilo halikumjia akilini hata kidogo.

Asubuhi moja alionja kijiko kuona kama zimeiva. Zilikuwa tamu. Akaonja kingine. Hadi binti anamaliza kupima unga, bakuli zima lilikuwa limekwisha. Baadaye akachukua mfuko wa krimu, akainama juu ya keki ya mahafali, akachora mstari. Ukanyooka. Akachora wa pili. Ukanyooka! Akauinua mkono mbele ya dirisha, vidole vimetandazwa: kimya.

"Jamani, njoo uone!" alimwita binti. "Nimepona!"

Akaizunguka meza akijiimbia, mikono juu, na binti akacheka mpaka akamwaga unga.

Alasiri mkono ukarudi kutetemeka, tena kwa hasira kuliko mwanzo. Bi Mstari hakuunganisha mambo siku ile. Lakini mwili una akili zake, na haukupita muda ukajua: asubuhi ya zabibu, mkono mtulivu; asubuhi bila zabibu, vituko. Akajiambia labda ni sukari ya zabibu, au labda damu yake ilikuwa haina nguvu na zabibu zinaiongeza. Akaanza kuonja kila siku. Kijiko kikawa bakuli dogo, bakuli dogo likawa kubwa.

"Unafanya nini hapo chini ya meza?" mume alimuuliza siku aliyomkuta amechuchumaa.

"Naonja."

"Unaonja, au ndio chakula chako cha mchana?"

"Kazi ya mpishi ni kuonja. Wewe kaonje petroli yako."

Mume akaenda zake akicheka. Alikuwa na furaha kwa sababu mkewe alikuwa na furaha, na mistari ilikuwa imenyooka, na mtu mwenye amani nyumbani kwake hapeleki pua kwenye ndoo.

Aliyefichua mambo ni mpishi mkuu wa hoteli. Alipiga simu asubuhi, binti akaipokea na kuiweka sauti ya nje kwa kuwa mikono yake ilikuwa na unga.

"Mama yupo?"

"Yupo, anakusikia."

"Shikamoo mama. Keki zako ni tamu, sina neno. Ila hii ya leo nimezitafuta zabibu kwa tochi. Mteja kaniuliza, hii ni keki ya matunda, au ni keki iliyopita karibu na matunda?"

"Marahaba baba," alisema Bi Mstari bila kupepesa macho. "Zabibu za siku hizi zina tabia ya kuzama."

"Nimekata hadi chini, mama. Huko nako hazipo."

Simu ilipokatika, binti alifuta mikono yake. Alichuchumaa, akaivuta ndoo, akafungua mfuniko. Zilibaki za kufunika kitako tu. Akainusa. Kisha akamtazama mama yake.

"Mama," alisema, "kila siku?"

"Ni zabibu."

"Mama! Hii ni ramu yenye maganda."

Bi Mstari akakaa kitako kwenye gunia la sukari. Ni kama mtu alimwashia taa usoni. Zabibu, mkono, ramu, baba. Yote yakajipanga, na alichokiona hakukipenda hata kidogo.

"Mkono wangu unatetemeka," alisema taratibu. "Nikila hizi unatulia. Unajua hiyo ni dalili ya nini? Hiyo ni ya mlevi. Babu yako alikuwa hivyo hivyo. Nimekuwa mlevi kwa kijiko, mwanangu."

Binti akaanza kulia. Mume, aliyevutwa na kile kilio, akaingia akaelezwa. Kosa lake ni kwamba alicheka. Alicheka hadi akashika meza. Kisha akauona uso wa mkewe, na kicheko kikakatika hapo hapo. Akavuta kiti karibu na gunia.

"Mke wangu, nisamehe. Sikiliza. Usukani ukianza kutikisika, nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu jambo moja: usibishane na gari, lipeleke kwa anayejua. Twende hospitali."

"Nikawaambie nini? Kwamba nimelewa zabibu?"

"Tutawaambia hivyo hivyo. Na wao wacheke kidogo, siku zao ni ndefu."

Basi Bi Mstari akaziacha zabibu tangu saa ile. Na mkono ukamlipizia kisasi. Ulitetemeka hadi kijiko cha mchuzi kilifika mdomoni kitupu. Tena ulikuwa umechagua wiki mbaya, kwa maana Jumamosi kulikuwa na keki ya harusi ya ngazi tatu, nyeupe, isiyo na maua wala vipepeo, mistari mitupu kuanzia juu hadi chini. Mama wa bibi harusi alikuwa amesema wazi: "Nataka mistari yako, watu waione." Ikishindikana hiyo, Bi Mstari aliwaza, basi mfuko wa krimu autundike, na jina lenyewe awarudishie waliompa.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye kiti kilichokuwa kifupi kuliko cha mgonjwa. Alimwambia Bi Mstari achore mzunguko unaojizungusha kutoka katikati kwenda nje, na mzunguko ukatoka na meno kama msumeno. Akampa vikombe viwili amimine maji kutoka hiki kwenda kile, na meza ikalowa. Akamwambia alaze mikono mapajani, na mikono ikatulia kama haijafanya kosa lolote. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mama, nikuulize jambo, usinielewe vibaya. Umewahi kuona kwamba ukinywa pombe kidogo, mkono unatulia?"

Bi Mstari alimtazama mumewe, na mumewe akawa anasoma kwa makini sana bango la chanjo za watoto.

"Sinywi, daktari," alisema. "Natafuna."

Ikabidi aeleze yote, ndoo, ramu, mpishi na tochi yake. Daktari alijitahidi, Mungu anajua alijitahidi, lakini kwenye tochi alishindwa. Alicheka hadi akavua miwani, akaomba radhi, akafuta machozi.

"Mama, wewe si mlevi. Nimekuuliza kwa sababu kutulia kwa pombe ni mojawapo ya dalili za ugonjwa ninaoushuku. Ni mtetemeko, na mara nyingi unarithiwa. Unakuja mkono unapofanya kazi, sio unapopumzika. Hauui, ila unakera."

"Sasa pombe inautulizaje kama si ya ulevi?"

"Ubongo unazungumza kwa kemikali. Seli moja inamwaga kemikali kidogo sana, ya pili inaipokea, hiyo ndiyo habari imefika. Hizo kemikali ni wajumbe, na wako wengi. Leo nikupe wawili. Mmoja kazi yake ni kusema 'tulia'. Mwingine kazi yake ni kusema 'haya, fanya'. Mkono hauwezi kuchora mstari kama hao wawili hawapatani. Kwako, sehemu ya nyuma ya ubongo, hapa kisogoni, inayopanga miondoko, wataalamu wanadhani ile 'tulia' haisikiki vizuri. Pombe inaipaza sauti ya 'tulia', na huyu wa 'fanya' inamziba mdomo. Kwa hiyo kwa muda mkono unasikia. Ndiyo maana anayekunywa sana ulimi unakuwa mzito na miguu inasahau njia: kila mahali ni 'tulia' tupu."

"Basi ni dawa!" alisema Bi Mstari, na usifiche uso, hata wewe ungesema hivyo.

"Ingekuwa dawa kama ubongo ungekuwa mjinga. Ukiona kila siku kuna mtu wa nje anakuja kupiga kelele 'tulia', masikio yake yanazoea, yanaacha kuisikia hiyo 'tulia' hata ikisemwa na mjumbe wake mwenyewe. Na yule wa 'fanya' anaongeza sauti ili naye asikike. Pombe ikiondoka, unabaki na mtulizaji asiyesikilizwa na mchochezi mwenye kipaza sauti. Si ndiyo maana alasiri mkono ulizidi? Si ndiyo maana kijiko kikawa bakuli? Halafu yupo mjumbe wa tatu, wa raha. Huyo pombe inamgusa pia, na ndiye anayekukumbusha kesho yake ndoo iko wapi."

Mume akakohoa. Bi Mstari hakucheka. Alimgeukia daktari.

"Na mtu aliyekunywa hivyo miaka mingi, akaacha ghafla?"

"Huyo asiache peke yake, mama. 'Tulia' kwake haisikiki kabisa na 'fanya' inapiga kelele. Anaweza kuanguka akakakamaa, hata akafa. Aje kwetu tumshushe taratibu."

"Baba yangu aliacha ghafla," alisema Bi Mstari. "Kwa ajili ya harusi yangu. Aliniahidi. Siku ya pili akaanguka, akakakamaa mwili mzima mbele ya wageni. Alipopata nafuu akarudi kunywa, na sisi tukaona ameshindwa hata hilo dogo."

Daktari akauliza polepole, "Baba alitetemeka?"

"Si nimekwambia alikuwa mlevi."

"Sijauliza hilo, mama. Alitetemeka kabla hajaanza kunywa, au baada?"

Bi Mstari akajaribu kuukumbuka mkono wa baba. Hakujua. Alikuwa mama wa watu wazima sasa, na hakuna aliyewahi kumuuliza kipi kilitangulia.

Alipewa vidonge vya kuanza kidogo kidogo, akaambiwa vitapunguza mtetemeko lakini huenda visiufute wote, alale vizuri, apunguze kahawa, na anapopamba aegemeze kiwiko. "Na zabibu?" mume aliuliza kwa adabu. "Zabibu zikalale ndani ya keki," alijibu daktari. Njiani kurudi, Bi Mstari alisimama katikati ya watu akasema kwa sauti yake yote, "Mimi si mlevi!" Wapita njia wakageuka. Mume akawaeleza, "Ni kweli, tumetoka kupimwa," na wote wawili wakacheka hadi wakatafuta ukuta wa kuegemea.

Jumamosi ikafika. Vidonge vilikuwa vimeanza kazi, lakini bado vilikuwa wageni. Mkono ulikuwa umepunguza vituko, haukuviacha. Binti alitaka kuiondoa ndoo, akakatazwa. "Iache hapo hapo. Hoteli inataka keki yake, na mimi siwezi kuishi nikikimbia zabibu." Ndoo ilikuwa imejazwa upya.

Keki ilisimama juu ya meza, ngazi tatu, nyeupe, haina hata alama. Bi Mstari akaegemeza kiwiko, akavuta pumzi, akachora mstari wa kwanza. Ukapinda. Akaukwangua. Wa pili ukapinda. Akaukwangua. Wa tatu ulianza vizuri, kisha katikati mkono ukashtuka, mstari ukaruka pembeni. Akaweka mfuko chini. Macho yake yakashuka chini ya meza, na hapo sitamdanganya mtu: alizitaka. Bakuli moja tu. Angesubiri kidogo, mkono ungetulia, mistari ingenyooka, bibi harusi angefurahi, na hakuna duniani ambaye angejua. Kesho angeendelea na vidonge vyake kama mtu mwema. Kilichomtisha si kwamba lilikuwa wazo baya. Kilichomtisha ni kwamba lilikuwa na akili kabisa.

"Nataka zabibu," alisema.

Binti aligeuka kutoka kwenye oveni, rangi imemtoka. "Mama..."

"Nakwambia ili nisizifuate. Zinaniita na mimi nataka kwenda. Njoo hapa."

Binti akaja. Alipitisha kiganja chini ya kiwiko cha mama yake, na mkono wa pili akauweka kwenye kifundo cha mkono.

"Hivi?"

"Usibane. Shika kama unashika yai."

"Mayai mimi huwa nayavunja."

"Basi leo usivunje. Haya, twende."

Mstari ukashuka. Haukunyooka kama ile ya zamani, ulikuwa na wimbi dogo ndani yake, la kuonekana na mtu anayetafuta. Bi Mstari aliutazama akiwa tayari kuukwangua.

"Umepinda," alisema.

"Kidogo sana."

"Wenyewe wanataka mistari."

"Na huu si mstari? Mama, ukiukwangua huu naondoka, nakuacha na hiyo keki yako mkaoane."

Bi Mstari akacheka, na mkono ukacheka naye, ikabidi wasubiri. Kisha wakaendelea, mstari baada ya mstari, wamebanana kama watu wanaobeba kabati ngazini. Baadaye mume akaingia, akatazama, akashindwa kujizuia: "Kushoto kidogo... taratibu... breki! Breki!" Akatolewa nje na mlango ukafungwa kwa ufunguo. Jioni keki ilikuwa imekamilika. Mistari yote ilikuwa na lile wimbi, na kwa kuwa ilikuwa nalo yote, ukitazama kwa mbali ungedhani nguo nyeupe imeguswa na upepo. Bi Mstari aliipeleka ukumbini mwenyewe. Mama wa bibi harusi aliizunguka, akainama, akamtazama usoni, na kabla hajatafuta neno Bi Mstari alimtangulia.

"Mkono wangu unatetemeka," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wapanga viti. "Ni ugonjwa wa kurithi, si pombe. Binti yangu kanishika kiwiko, tumeichora wawili. Kama hutaki mistari ya hivi, sema sasa."

Yule mama akaitazama tena keki. "Mimi wa kwangu ndio kwanza anaolewa leo," alisema, "na hajawahi kunishika hata mkoba." Akamkumbatia, na keki ikapelekwa mezani.

Kesho yake Bi Mstari alikwenda kwa mama yake. Bibi kizee alikuwa amekaa karibu na dirisha akichambua maharage kwenye ungo, miguu ameinyoosha juani. Baada ya salamu Bi Mstari akakaa chini, akaanza kuchambua naye, na huku mikono ikifanya kazi akamweleza yote. Alipofika kwenye ndoo ya zabibu mama alicheka bila sauti, mabega tu. Alipofika kwenye swali la daktari aliacha kucheka.

"Mama, baba alitetemeka kabla ya kuanza kunywa?"

Mama akatupa jiwe alilolikuta kwenye maharage. "Siku alipokuja kwetu kujitambulisha, alimmwagia baba yangu maji ya kunawa mapajani. Wazee wakasema ni aibu ya kijana, ni dalili njema. Alikuwa hajawahi kuonja hata tone wakati ule. Hilo nalijua, maana kaka zangu walimchunguza hadi kwa majirani zake."

"Kwa hiyo mkono ulitangulia."

"Alikuwa akiniambia," alisema mama, kama vile hakusikia. "Kila asubuhi. 'Mke wangu, sinywi kwa kupenda. Nakunywa ili niweze kushika kile kibano, nisije nikaharibu saa ya mtu.' Kila asubuhi, mwanangu."

"Ukamjibu nini?"

"Nilikuwa namcheka. Nawaita na nyinyi mje msikie, eti baba yenu anakunywa dawa."

Bi Mstari alikumbuka. Alikumbuka mlango, baba amekaa kitandani anafunga vifungo vya shati kwa shida, na sauti ya kicheko cha watoto, na kimojawapo kilikuwa chake, kikubwa, cha kutikisa vikombe. Aliuweka mkono wake unaotetemeka juu ya mkono wa mama.

"Na mimi nilicheka, mama."

Maharage yalibaki kwenye ungo, jua likasogea kutoka magotini hadi miguuni. Kisha bibi kizee akafuta uso kwa ncha ya kanga, akajiweka sawa kwenye kiti.

"Hebu nieleze tena," alisema. "Habari za wale wajumbe. Yule wa 'tulia', na yule mwingine. Anza mwanzo, tena polepole. Nataka nimwelewe baba yenu."

Bi Mstari akaanza mwanzo.